Samaki Kwanza

Sijawahi kuwapenda samaki. Kwetu hatukulelewa kuwala. Mama yangu aliwaweka fungu moja na nyoka, na ungemletea samaki jikoni angekufukuza na kijinga cha moto mkononi. Ndiyo maana watu wakinisikia leo nikieleza jinsi maji ya samaki yanavyochafuka na jinsi yanavyojisafisha, hudhani ninatania. Sitanii. Nilijifunza mambo hayo kwa miezi mitano katika nyumba ya mzungu, na nilipoyaelewa hayakuwa na faida tena.

Nilikuwa mtumishi wa nyumbani kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikinyoa ndevu kila asubuhi, na bado niliitwa boi. Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na serikali ya wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni, ilikuwa imefika katikati, ingawa hakuna aliyejua kwamba hapo ni katikati. Kila jioni saa kumi na mbili sisi Wakikuyu tuliofanya kazi ndani tulitolewa nje, mlango ukafungwa kwa komeo, kwa sababu bwana alilala na bastola chini ya mto. Mpishi alibaki ndani. Yeye alikuwa mtu wa Maragoli, mzee wa kanisa, na kabila lake halikuwa na kesi.

Bwana alikuwa mrefu, mwenye kuchechemea, na kwa wazungu wa wakati ule sitasema alikuwa mbaya. Hakupiga. Mkewe alikuwa amekimbilia kwao Ulaya fujo zilipoanza, kisha akaandika kwamba angerudi Krismasi aone kama anaweza kuvumilia. Barua hiyo ilimfanya bwana awe kama mtu aliyekunywa kahawa usiku kucha. Alipaka rangi veranda. Alinunua mapazia. Halafu, kwa kuwa memsahibu alipokuwa msichana nyumbani kwao kulikuwa na samaki wa mapambo, akamwendea fundi wa Thika amtengenezee sanduku la kioo, fremu ya chuma na vioo vinne, na chini yake bati nene. Lilikuja nyuma ya pikapu limefungwa kwa magunia ya kahawa, likawekwa sebuleni karibu na kiti cha memsahibu, mahali pa mwanga.

Wiki mbili kabla ya sanduku hilo kuja, ndugu yangu mdogo alikamatwa.

Alikamatwa kwa sababu yangu. Mama alikuwa amehamishiwa kijiji kimoja kipya upande wa Gatongora, kile cha handaki na lango moja, na mimi nilikuwa nimemtumia salamu kwamba nimetamani uji wake mchachu. Ni maneno tu, mtu husema. Mdogo wangu, ambaye hakujua kukataa, akabeba kibuyu Jumamosi aniletee. Pasi yake haikumruhusu kuvuka daraja. Akavuka. Askari waliomkuta waliona kijana, kibuyu cha uji na kichaka, wakajumlisha wenyewe: anawapelekea watu wa msituni chakula. Siku ya tatu alikuwa amepakiwa lori kwenda kambi ya mbali, huko kwenye joto na vumbi.

Karani mmoja wa ofisi ya wilaya, aliyenijua tangu shule, alininong'oneza kwamba mambo yangekwisha kwa karatasi moja. Mzungu wangu aandike kwamba uji ule ulikuwa wa boi wake. Basi. Neno la mzungu mwenye shamba lingetosha.

Nilimwomba bwana asubuhi moja alipokuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, akipanga changarawe niliyomchotea mtoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo namsifu. Akasema, "Ndio, ndio. Mimi naandika. Lakini samaki kwanza. Samaki ikikaa mzuri, sisi nazungumza barua."

Nadhani alitaka tu nimwache amalize kupanga mawe yake. Lakini mwenye shida husikia anachotaka kusikia, na mimi nilisikia ahadi. Tangu siku hiyo nikawa nimemfunga ndugu yangu kwenye mikia ya samaki. Wakipona, atatoka.

Samaki wanne walikuja kutoka Nairobi ndani ya mkebe, wekundu, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu. Maji tuliyochota kwenye tangi la mvua. Siku mbili yalikuwa safi kiasi cha kusoma gazeti kupitia ng'ambo ya pili. Siku ya nne yakageuka meupe, kama maji yaliyooshewa mchele, na mawe yakaanza kuteleza. Bwana aliwalisha makombo ya mkate kila alipopita, maana alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hulisha. Siku ya sita samaki walikuwa juu wakifunguafungua midomo. Siku ya nane nilifika asubuhi nikakuta watatu wanaelea ubavu, na wa nne akawafuata kabla ya chakula cha mchana.

"Maji chafu," bwana akasema. Hakupaza sauti. "Wewe nasafisha. Memsahibu hapana penda chafu."

Sasa, usafi wa maji tuliujua. Katika nyumba ile hakuna tone lililomfikia mzungu kabla ya kuchemshwa dakika ishirini, likapoa kwenye debe lenye kifuniko, kisha likapitishwa kwenye chujio, ule mtungi mzito wenye mishumaa ya udongo mweupe ndani. Mpishi alikuwa ndiye mwalimu wangu wa mambo hayo, na alikuwa mkali kuliko mhubiri. Wasaidizi wake wawili wa kwanza jikoni, alisema, walifukuzwa kwa kuonja maji bila kuchemsha, na mimi sikuthubutu kumuuliza kama ni kweli. Nilipomweleza habari za samaki aliweka kisu chini.

"Kijana," akasema, "maji ya chai ya mzungu na maji ya samaki wa mzungu, tofauti ni nini? Chemsha."

Nikachemsha. Ungeniona ungenihurumia, au ungenicheka. Madebe kumi na moja ya maji juu ya jiko la kuni, moja baada ya jingine, nikachuja yote, tone, tone, siku mbili nzima. Changarawe nikaimwaga kwenye karai, nikaisugua kwa maji ya moto na soda mpaka ikang'aa. Vioo nikavipangusa ule utelezi wote. Hata majani ya majini aliyoyapanda bwana nikayaosha moja moja, kama sukuma wiki. Nilipomaliza, sanduku lilikuwa zuri kuliko siku lililoletwa, na mpishi akaja akasimama mlangoni, mikono kifuani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Samaki wanne wapya walikaa siku saba.

Walianza kuhangaika mapema zaidi kuliko wale wa kwanza, nikadhani sikuchemsha vya kutosha. Nikawa nabadilisha maji yote kila siku ya pili, nikisugua mawe kila mara. Nikachemsha dakika arobaini. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kusimama mlangoni nikingoja komeo lifunguliwe, na sikumsalimu bwana kabla sijatazama kwenye kioo. Nilikuwa nikiwaona samaki wale wakitweta nainama mpaka pua iguse kioo. Si kwa huruma. Niliwachukia. Nilikuwa nikisema moyoni, kaeni hai, mashetani nyie, mpaka aandike, halafu mfe mnavyotaka.

Hawakunisikia. Wa mwisho alipokufa nilijaribu kumkumbusha bwana barua. Alikuwa ameinama na kijiko, anamtoa yule maiti mdogo majini, na uso wake ulikuwa mwekundu.

"Barua, barua! Samaki nakufa, wewe nasema barua?" Kisha kwa sauti ya chini, "Baadaye."

Jumapili hiyo nilipewa pasi ya kwenda kumwona mama. Kwenye lango walinipekua, wakanipekua tena, nikaingia. Nilimkuta amekaa nje ya kibanda chake, kibuyu cha uji kimeegemea ukuta. Nikamwona amekonda. Kwa kutaka kumsaidia, na kwa kuwa mikono yangu haikuweza tena kuona chombo bila kukisugua, nikachukua kile kibuyu, nikamwaga masalio yaliyokuwa chini, nikachemsha maji, nikakisugua ndani kwa mchanga na majivu mpaka kikanukia moshi mtupu. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Aliporudi na kukinusa, alikiweka chini polepole.

"Baba," aliniambia, maana akina mama wa kwetu huwaita wana wao baba, "umeniulia uji."

Nilijua mara moja. Mtoto yeyote wa kwetu anajua. Kibuyu cha uji hakisuguliwi. Husuuzwa kidogo na yale masalio huachwa, kwa sababu ndiyo yanayoufanya uji wa kesho uchachuke. Kibuyu kilichosuguliwa ni kama kibuyu kipya: utatia unga na maji, utangoja, na utakachopata siku za kwanza ni unga uliooza. Mpaka kizoee. Nilikuwa nimeyajua hayo kabla sijajua kusoma, na nyumba ya mzungu ilikuwa imenisahaulisha.

Niliomba msamaha. Kisha, ili nimsahaulishe, nikamweleza habari za samaki, jinsi ninavyochemsha na kuchuja na kusugua, na jinsi wanavyokufa. Alinisikiliza huku akikitazama kibuyu.

"Na maji yenyewe umewahi kuyaacha?"

"Yanachafuka, maitu," nikasema, yaani mama yangu. "Yanateleza."

"Yaache yateleze. Chombo kipya hakijui kazi yake. Wewe kila kikianza kujifunza unakisahaulisha."

Nilicheka. Naandika hili ili lijulikane: nilimcheka mama yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kuingia nyumba yenye sakafu ya mbao, akinifundisha mambo ya vioo na samaki wa Ulaya. Nikamwambia, "Huu si uji, maitu. Haya ni mambo ya wazungu." Naye hakubishana. Aliniuliza tu barua imefika wapi, nikasema karibu.

Kulikuwa na habari nyingine, akaniambia nilipokuwa naondoka. Mtu mmoja aliyerudishwa kutoka kambini alipita kijijini. Alimwona mdogo wangu. Alisema yuko hai, ila maji ya kule ni ya pipa moja, yana rangi, na watu wanaharisha.

Nilirudi shambani nikikimbia, si kwa kuogopa saa ya pasi. Bwana alikuwa ameleta kundi la tatu. Nikajitupa kwenye kazi ile kama mwendawazimu. Siwezi kueleza vizuri kilichokuwa kichwani mwangu. Mahali fulani ndugu yangu alikuwa anakunywa maji ya pipa lenye rangi, na mimi nilikuwa nasimama jikoni nikichemsha maji ya samaki, nikiyachuja mara mbili, nikihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Mara nyingine niliamini. Mpishi, ambaye sasa alijua kisa chote, aliniombea kwa sauti huku akimenya viazi, na alinisaidia kubeba madebe ingawa mgongo ulimuuma. Sisi wawili tuliwaua samaki wale kwa usafi, na tulifanya hivyo kwa moyo mweupe. Kundi la tatu halikumaliza wiki mbili.

Kundi la nne lilikuja kahawa ikiiva. Niliyabadilisha maji siku ya pili, nikapanga kuyabadilisha tena Jumatatu. Jumapili nikaenda kijijini.

Mama alikuwa amekaa palepale. Hakuinuka. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekaa karibu naye, na nilipowaona tu nikakaa chini kabla sijamsalimu mtu. Karani wa chifu alikuwa amekuja Ijumaa na orodha, akasoma jina, akasema homa ya matumbo, akaenda nyumba nyingine. Hakuleta nguo zake. Hakusema amezikwa wapi. Mama alimuuliza, naye akasema hilo halikuandikwa.

Tulikaa mpaka muda wa pasi yangu ulipokwisha. Hakulia, na mimi sikulia, maana langoni walikuwa wanatazama nani analilia nani. Nilitaka anilaumu kwa ule uji. Hakunilaumu, na sijapata kumsamehe kwa hilo.

Jumatatu niliingia sebuleni, nikayaona maji yameanza kuwa meupe, nikapita. Nilipangusa meza, nikafagia, nikatandika kitanda cha bwana. Sikuligusa sanduku. Jumanne vilevile. Mpishi akaniambia, "Kijana, maji," nikamwambia ndugu yangu amekufa. Akakaa kwenye gunia la viazi, akajifunika uso kwa aproni yake. Hakuniambia tena habari za maji. Bwana alikuwa mashambani na wachuma kahawa tangu alfajiri mpaka giza, hata makombo ya mkate hakuwa na wakati wa kuwatupia.

Samaki wawili walikufa wiki hiyo. Niliwatoa kwa kijiko, nikawatupa kwenye maua. Waliobaki walikaa chini kabisa, pembeni, hawasogei. Mawe yakaota utando wa rangi ya chai. Vioo vikaanza kuteleza, kisha vikaota ukijani. Majani yakachakaa na machipukizi mengine yakatokea. Nilikuwa naona, lakini kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba la jirani. Sikuwa na haja nayo. Nilikuwa nangoja bwana aone uchafu ule anifukuze, nami niende nikakae na mama.

Siku moja, labda baada ya wiki tano, nilikuwa napangusa kiti cha memsahibu nikainua macho. Maji yalikuwa maangavu. Hayakuwa na weupe wala harufu. Wale samaki wawili walikuwa wanazungukazunguka katikati ya majani, mikia imenyooka, wakidonoa ule utando kwenye mawe kana kwamba wamezaliwa humo.

Baadaye sana, nikiwa tayari na nywele nyeupe, mwalimu mmoja wa sayansi alinieleza kwamba ndani ya ule utelezi kuna viumbe visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sumu inayotokana na kinyesi cha samaki. Chombo kipya hakina. Huchukua mwezi, huchukua zaidi, navyo hukaa kwenye mawe na vioo. Ukivisugua, umeanza upya. Na maji yakichemshwa, akaongeza, hewa yake hutoka. Alikuwa kijana mwema, akifurahia kunifundisha. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba nilishaambiwa.

Bwana aliligundua sanduku lake siku ya mvua, kazi ya kahawa iliposimama. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono mifukoni. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, ambayo sikuwahi kuiona.

"Mzuri! Sasa wewe najua kazi. Sasa wewe nasafisha mzuri sana."

Nilikuwa nimeweka birika jikoni kwa ajili ya chai yake. Nikasema ndiyo, bwana.

"Na wewe nataka kitu. Barua, eh? Ya ndugu." Hakuwa amesahau. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikwenda mezani, akatoa karatasi, akaniuliza jina la mdogo wangu, kwa mara ya kwanza. Nililitaja. Ulimi wangu ulilitaja bila mimi, kwa sababu lilikuwa limeulizwa. Akaandika, akapuliza wino, akaikunja, akanipa. Ningeweza kumwambia. Nilimtazama alivyosimama hapo, mtu mzima amefurahi kwa samaki wawili, anamngoja mke ambaye hakurudi Krismasi hiyo wala nyingine, nikashindwa kuona ningepata nini. Niliipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa, nikasema asante, bwana.

Jumapili nikampelekea mama. Aliigeuza huku na huku, akanirudishia nimsomee. Nikamsomea kwa Kikuyu, polepole: kwamba yeye, mwenye shamba, anathibitisha kuwa uji aliokutwa nao kijana huyu ulikuwa wa boi wake wa nyumbani, kwamba familia hiyo anaijua, na kwamba anaomba aachiliwe.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, maitu."

Aliichukua barua, akaikunja. Kibuyu kilikuwa kimeegemea ukuta, na kwa harufu yake nilijua kimerudia kazi yake.

"Na kuiandika kulimchukua muda gani?"

Sikutaka kumjibu, lakini sikuwa nimewahi kumdanganya. Nikamwambia kwamba nilipoondoka sebuleni na barua mkononi, nikaenda jikoni kumtengenezea bwana chai yake, birika lilikuwa bado halijachemka.